Mtambo wa Gesi ya Samadi Usipowaka: Namna ya Kuutambua Ugonjwa Wake

Katika vijiji vinavyozunguka Uyole, na kote katika nyanda za juu za mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe, wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa huwalisha wanyama wao zizini. Ufugaji wa namna hiyo hukusanya samadi nyingi mahali pamoja kila siku, na kwa sababu hiyo ndio unaofaa zaidi kwa mtambo wa gesi ya samadi, ambayo siku hizi huitwa pia biogesi. Mtambo ukiwa mzima, jikoni hapana kuni wala moshi, na shamba hupata mbolea iliyokwisha kuiva. Mtambo ukisimama, akina mama na watoto hurudi kutafuta kuni. Na kama ulijengwa kwa mkopo wa chama, deni hubaki palepale wakati faida imekwisha.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mtambo unaosemekana umekufa mara nyingi haujafa. Una njaa, au una baridi, au umeshiba kupita kiasi, au unavuja. Kila ugonjwa una dalili zake na dawa yake, na dawa ya ugonjwa mmoja huweza kuwa sumu kwa ugonjwa mwingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuutambua ugonjwa, na kazi ya pili ndiyo kuutibu.

Ujuzi huu si mgeni nchini. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lilianza kujenga mitambo ya gesi ya samadi mwaka 1975, kwa mtindo wa Kihindi wenye pipa la chuma linaloelea juu ya uji wa samadi. Pipa hilo lilikuwa ghali, tena lilishikwa na kutu. Katika miaka ya 1980 Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC) cha Arusha kikaeneza mtambo wa kuba, unaojengwa chini ya ardhi kwa matofali na saruji. Mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani, nao ukaendelea kueneza mtambo wa kuba uliofanyiwa marekebisho. Maelezo yanayofuata yanahusu mtambo wa aina hiyo.

GESI HUTOKA WAPI

Kila mpishi wa maandazi na kila mgema wa ulanzi anajua kwamba kitu kinachochachuka hutoa hewa. Hamira ikila sukari iliyomo katika unga, hutoa hewa ya ukaa, na donge huumuka. Ulanzi nao hutoa povu, na chombo chake kikizibwa sana huweza kupasuka. Ndani ya mtambo wa samadi hutendeka jambo linalofanana na hilo, ila hutendeka gizani, pasipo hewa ya nje, na kwa hatua mbili.

Katika hatua ya kwanza, kundi moja la bakteria huyavunja mabaki ya nyasi yaliyomo katika samadi na kuyageuza kuwa asidi na hewa ya ukaa. Katika hatua ya pili, kundi lingine huzila asidi hizo na kutoa methani, ambayo ndiyo gesi inayowaka. Kundi la kwanza huzaliana upesi na ni lenye kustahimili shida. Kundi la pili huzaliana polepole, nalo halipendi baridi, wala hewa ya nje, wala uchachu uliozidi. Karibu kila mara mtambo unaposhindwa kuzalisha gesi nzuri, chanzo chake ni kwamba kundi la pili limeshindwa kwenda sambamba na la kwanza.

Gesi ya mtambo mzima huwa na methani kiasi cha sehemu 55 hadi 70 katika mia. Sehemu nyingine karibu zote ni hewa ya ukaa. Katika mtambo mchanga au mgonjwa, hewa ya ukaa huzidi, nayo haiwaki bali huuzima moto. Ndiyo maana mtambo huweza kujaa gesi na bado njiti ya kibiriti ikazimika mbele ya jiko. Hali hiyo haimaanishi kwamba fundi amedanganya, bali ni dalili kwamba hatua ya pili haijashika.

MASWALI MATATU YA KWANZA

Kabla ya kuita fundi, na kabla ya kumwaga chochote ndani ya mtambo, mwenye mtambo ajiulize maswali haya kwa utaratibu: Je, gesi inazalishwa? Ikiwa inazalishwa, je, inapotea njiani? Ikiwa haipotei, je, inafika jikoni na kuwaka inavyopasa?

Majibu hupatikana kwa jaribio la usiku mmoja, lisilogharimu kitu. Katika mtambo wa kuba, gesi inapojikusanya juu huusukuma uji, nao hupanda katika shimo la kutolea. Basi, jioni baada ya kupika, koki kubwa iliyo juu ya kuba ifungwe, na usawa wa uji katika shimo la kutolea utiwe alama kwa chaki. Asubuhi, kabla ya kuulisha mtambo, alama hiyo itazamwe.

Kama uji umepanda juu ya alama, gesi inazalishwa na kuba linaishika. Tatizo liko katika mabomba au katika jiko.

Kama uji haukupanda, utazamwe na kunuswa. Uji mweusi, usio na harufu kali na usiovuta nzi, umekwisha kuiva. Maana yake gesi ilizalishwa lakini ikapotea. Ugonjwa ni kuvuja. Lakini uji unaonuka samadi mbichi, au unaonuka uchachu, haujaiva. Maana yake gesi haikuzalishwa ya kutosha. Ugonjwa uko katika kulisha, katika baridi, au katika sumu.

GESI ISIPOZALISHWA

Njaa. Mtambo hauwezi kutoa zaidi ya ulivyolishwa. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe, penye joto la kutosha, hutoa kiasi cha lita 30 hadi 40 za gesi. Mwanachama mwenye ng'ombe wawili wa zizini, akikusanya kilo 15 kwa kila mmoja, anapata kilo 30 kwa siku, yaani gesi ya lita 900 hadi 1,200. Jiko la kawaida la nyumbani likitumia lita 300 kwa saa, gesi hiyo itapika kwa saa tatu hadi nne. Ng'ombe hao wakipelekwa malishoni mchana kutwa, samadi nyingi hubaki porini na saa za kupika hupungua. Mwanachama aliyeuza ng'ombe mmoja kati ya wawili asitafute ufa katika kuba. Hesabu yenyewe imekwisha kumjibu.

Samadi iwe mbichi. Iliyokauka juani imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu yake. Mchanga, mawe na majani marefu ya mabingobingo yaondolewe kwa mkono katika shimo la kuchanganyia. Mchanga hutuama chini na kuipunguza nafasi ya uji mwaka hata mwaka. Majani huelea na kufanya gamba gumu linaloizuia gesi kupanda.

Maji. Kipimo kinachofaa ni ndoo moja ya samadi kwa ndoo moja ya maji, na mkojo wa ng'ombe waweza kushika nafasi ya sehemu ya maji hayo. Uji mzito mno hauteremki, nao hufanya gamba. Uji mwepesi mno hupita mtamboni kabla ya kuiva. Hesabu yake ni rahisi: mtambo wenye nafasi ya lita 6,000 za uji, ukilishwa lita 100 kwa siku, uji hukaa ndani siku 60. Ukilishwa lita 200, ukawa nusu yake ni maji ya bure, uji hukaa siku 30 tu, na katika nchi ya baridi siku 30 hazitoshi. Wakati wa masika ihakikishwe kwamba maji ya mvua hayatiririki kuingia katika shimo la kuchanganyia.

Baridi. Hili ndilo jambo linalowasumbua zaidi wafugaji wa nyanda za juu, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Bakteria wa methani hufanya kazi vizuri penye joto la nyuzi 30 hadi 38. Joto la uji likishuka chini ya nyuzi 15, gesi hupungua sana. Likikaribia nyuzi 10, kazi hukaribia kusimama. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai usiku huwa na baridi kali. Ardhi hulikinga kuba kwa kiasi, kwa kuwa hupoa polepole. Lakini kila asubuhi mtambo hupokea ndoo kadhaa za maji baridi na samadi iliyolala nje.

Kosa linalofanyika ni hili. Mwenye mtambo huona gesi imepungua, hudhani mtambo una njaa, naye huongeza samadi maradufu. Kundi la kwanza la bakteria, ambalo baridi hailiathiri sana, hula na kutoa asidi kwa wingi. Kundi la pili limezubaa kwa baridi, haliwezi kuzimaliza asidi hizo. Uji huchachuka, gesi huwa hewa ya ukaa tupu, na upungufu wa mwezi mmoja hugeuka kuwa ugonjwa wa miezi mitatu. Mtambo ulioachwa upate baridi yake kwa utulivu ungejirudi wenyewe wakati jua linapopata nguvu.

Kwa hiyo wakati wa baridi chakula kisiongezwe. Afadhali kipunguzwe kidogo. Maji ya kuchanganyia yaachwe juani katika pipa jeusi mpaka saa nane mchana, na mtambo ulishwe wakati huo badala ya alfajiri. Udongo juu ya kuba usiachwe ukamomonyoka. Ukibomoka urudishiwe, na juu yake yatandazwe majani makavu au lundo la mboji, ambayo hutoa joto lake yenyewe. Miti inayotia kivuli juu ya kuba ipunguzwe. Familia nayo ijiandae kupika kwa saa chache zaidi kuliko wakati wa joto. Upungufu huo ni wa majira, wala si aibu ya mtambo.

Uchachu. Dalili zake ni harufu kali ya siki, povu jingi katika shimo la kutolea, na gesi isiyowaka au inayozimika kila mara. Mbali na kulisha kupita kiasi wakati wa baridi, uchachu huletwa na vyakula vyenye wanga na sukari vinavyotupwa mtamboni kwa wingi: viazi mviringo vilivyooza, machicha ya pombe, pumba na matunda. Vitu hivyo huchachuka upesi mno. Kidogo hakina madhara. Gunia zima la viazi vibovu huweza kuuangusha mtambo.

Karatasi ya litmasi ikigeuka nyekundu mara tu inapochovywa katika uji, uchachu umezidi. Dawa yake ni subira. Mtambo usilishwe kwa muda wa wiki moja hadi mbili, na gesi mbaya iruhusiwe kutoka nje mbali na moto. Kisha ziletwe ndoo kadhaa za uji ulioiva kutoka mtambo mzima wa jirani, kwa kuwa uji huo umejaa bakteria wa kundi la pili. Maji ya jivu yaweza kutiwa, lakini kidogo kidogo, kwa kuwa kuzidisha nako ni madhara. Gesi ikianza kuwaka, kulisha kuanze kwa robo ya kipimo, kisha nusu, hata kufikia kipimo kamili.

Sumu. Samadi ya ng'ombe anayetibiwa kwa dawa za kuua bakteria huua pia bakteria wa mtambo. Iwekwe kando, itumike kwa mboji, mpaka siku zilizotajwa na mganga wa mifugo ziishe. Kadhalika maji yenye dawa ya kuogeshea kupe, sabuni ya unga, au dawa za kusafishia zizi yasielekezwe mtamboni kamwe.

Mtambo mpya. Mtambo uliojazwa kwa mara ya kwanza huhitaji wiki tatu hadi nne kabla ya gesi kuwaka vizuri, na katika baridi huhitaji zaidi. Gesi ya kwanza ina hewa ya ukaa nyingi, tena huwa imechanganyika na hewa ya kawaida iliyobaki ndani ya kuba, na mchanganyiko wa methani na hewa huweza kulipuka. Gesi hiyo iachwe itoke bila kuwashwa. Mwenye kuweza kupanga na apange kujaza mtambo mpya kati ya Septemba na Novemba, wakati wa joto, wala si Juni.

GESI INAPOVUJA

Kuvuja hutokea mahali pa aina tatu: kwenye kifuniko, kwenye maungio ya mabomba, na katika nyufa za kuba.

Mitambo mingi ya mtindo wa zamani ina kifuniko juu ya shingo ya kuba, kilichozibwa kwa udongo wa mfinyanzi na kufunikwa kwa maji. Maji hayo huufanya udongo ubaki mbichi. Yakikauka, hasa Septemba na Oktoba, udongo hupasuka na gesi hutoka. Yajazwe mara kwa mara. Mapovu yakionekana yakipanda katika maji hayo, udongo wa kuzibia utengenezwe upya.

Maungio ya mabomba, koki na mipira yapakwe povu la sabuni gesi ikiwa na nguvu. Mahali panapovuja, mapovu yatavimba. Ni mwiko kutafuta tundu kwa kiberiti au mshumaa. Gesi ya samadi ina sehemu ndogo ya gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo hula vyuma. Kwa hiyo koki zitazamwe kila mwaka na zilizolika zibadilishwe.

Ikiwa kifuniko ni kizima na mabomba ni mazima, lakini uji ulioiva hauipandi alama ya chaki, basi kuba lenyewe lina ufa. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa, kwa kuwa mtambo hauna budi kumwagwa, kupitishwa hewa na kupigwa lipu upya ndani.

GESI IPO LAKINI JIKO HALIWAKI VIZURI

Gesi hutoka mtamboni ikiwa na unyevu. Unyevu huo hupoa katika bomba na kuwa maji, nayo hukusanyika mahali palipoinama. Moto unaopepesuka na kutoa sauti ya kubwatabwata ni dalili ya maji katika bomba. Bomba liwe na mteremko kuelekea mtego wa maji, na mtego ufunguliwe kila wiki. Wakati wa baridi, mara mbili kwa wiki.

Moto mzuri ni wa buluu na mfupi. Moto wa njano unaotia masizi sufuria unakosa hewa. Tundu la hewa la jiko lifunguliwe zaidi. Moto unaoruka juu ya jiko na kuzimika una hewa nyingi mno au gesi yenye nguvu kupita kiasi. Tundu la hewa lipunguzwe au koki ifungwe kidogo. Moto ulio dhaifu huku kuba limejaa maana yake kitundu cha gesi kimeziba. Kisafishwe kwa waya mwembamba, bila kukipanua.

HATARI ISIYOONEKANA

Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mtambo ukimwagwa, hutuama chini ya shimo, pamoja na gesi ya harufu ya yai viza, ambayo ikizidi huua hisia ya pua kabla ya kumwangusha mtu. Asiingie mtu yeyote ndani ya mtambo kabla haujaachwa wazi na kupitishwa hewa ya kutosha. Na hata baada ya hapo aingie fundi, akiwa amefungwa kamba, na watu wawili wa kumvuta wakiwa nje. Aliyeanguka ndani asifuatwe na mtu asiye na kamba, kwa maana hapo ndipo kifo cha mmoja huwa kifo cha wawili. Moto na sigara visikaribie mtambo uliofunguliwa.

KAZI YA KATIBU WA CHAMA

Katibu hahitaji kuwa fundi, bali anahitaji daftari. Kwa kila mwanachama mwenye mtambo iandikwe: ukubwa wa mtambo, mwaka uliojengwa, idadi ya ng'ombe walio zizini, ndoo za samadi na maji kwa siku, na saa za kupika kwa kila mwezi. Daftari hilo likiandikwa kwa mwaka mmoja, litaonyesha upungufu upi ni wa majira na upi ni wa ugonjwa, na fedha za chama hazitapotea kwa kulipia matengenezo ya kuba lisilo na ufa.

Mwezi wa Mei, kabla baridi haijashika, Katibu awakumbushe wanachama juu ya udongo wa kuba, maji ya juani na katazo la kuongeza chakula. Aorodheshe pia mitambo mizima ambayo wenyewe wako tayari kutoa uji wa mbegu kwa jirani aliyepatwa na uchachu, kwa kuwa dawa hiyo haiuzwi dukani. Hupatikana kwa mwanachama mwenzake tu. Na Kamati inapopokea ombi la mkopo wa mtambo mpya, iulize kwanza mambo matatu: Je, ng'ombe wawili au zaidi hulala na kula zizini? Je, maji yako karibu? Je, yuko mtu nyumbani atakayeulisha kila siku? Likikosekana moja, mkopo na usubiri. Mtambo ni mnyama wa ziada katika zizi: hula kila siku, hushikwa na baridi, na hudhoofika akisahauliwa.